Usonji, Tumbo na Sahani ya Mtoto

Mkoa wa Ruvuma umejaaliwa ardhi yenye baraka. Mahindi ya Songea hujaza maghala ya hifadhi ya chakula ya taifa pale Ruhuwiko, na mtu atokaye mitaa ya Majengo mjini Songea kwenda sokoni hukuta maharage ya kila rangi, karanga, ulezi, soya, mihogo, ndizi, parachichi, majani ya maboga, na dagaa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa juani. Katika neema kama hiyo ni vigumu kusadiki kwamba mtoto aweza kuketi mbele ya sinia lililojaa, katika nyumba ya wazazi wasiopungukiwa na chakula, akakataa kila kilichomo ila ugali mweupe uliopoa, ambao haujaguswa hata na tone moja la mchuzi. Lakini watoto wa namna hiyo wapo, na baadhi yao wana hali iitwayo usonji. Mama zao huambiwa kuwa wamewadekeza. Baba zao hushauriwa kutumia fimbo. Na kila jirani huleta dawa yake, huyu akitaja mzizi, yule akitaja kidonge, na wa tatu akisimulia habari aliyoisoma katika simu kwamba maziwa na mkate ndivyo vilivyomharibu mtoto. Makala haya yanakusudia kuwasaidia wazazi hao kupambanua lipi katika mambo ya chakula na tumbo ni tiba ya yakini, na lipi ni dhana inayogharimu fedha na siha ya mtoto.

Usonji si maradhi ya kuambukizwa, wala si adhabu, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo aghalabu hudhihirika kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu: huchelewa kusema au husema kwa namna isiyo ya kawaida, hapendi au hajui kushirikiana na wenziwe, hurudia jambo moja mara nyingi, na huudhika sana utaratibu aliouzoea ukivurugwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na hali hii. Hapa kwetu, madaktari wa Tanzania na Marekani walichapisha mwaka 2006 habari za watoto 20 wa nchi hii, wakaeleza kwamba kwa baadhi yao dalili zilifuatia malaria kali. Kwa hiyo kinga ya malaria ni sehemu ya kuulinda ubongo wa mtoto.

Kwa nini mtoto hukataa chakula

Jambo la chakula halikuzuka jana. Tabibu Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 habari za watoto 11, katika makala yaliyouweka usonji mbele ya macho ya uganga wa kisasa, alibainisha kwamba kadhaa miongoni mwao walikuwa na taabu ya kula tangu uchanga. Na baba wa mtoto wa kwanza alimweleza kuwa mwanawe hakuwahi kuwa na hamu ya chakula kama watoto wengine, hata peremende na aisikrimu hazikumvuta. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeithibitisha habari hiyo: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba taabu za kula huwapata watoto wenye usonji mara tano zaidi kuliko wenzao, na kwamba katika vile wanavyokula protini na kalsiamu huwa pungufu.

Sababu yake kubwa si ukaidi. Milango ya fahamu ya watoto hawa hupokea mambo kwa ukali usio wa kawaida. Mlenda, ambao kwako ni kitoweo laini kinachoteleza na ugali, kwake waweza kuwa kitu cha kutisha kinachomnata kinywani. Harufu ya dagaa wanaokaangwa, ambayo kwako yaamsha njaa, yaweza kumkimbiza jikoni akiziba pua. Na kande humchanganya, maana kila tonge lina kitu kigumu na kitu laini, naye hawezi kujua kabla kipi kitakutana na jino lake. Zaidi ya hayo anapenda mambo yabaki yalivyo. Kikombe cha kijani kikipotea, uji uleule wa jana huwa uji mgeni. Mtoto wa namna hii akilazimishwa kwa kushikwa pua au kwa kiboko, hajifunzi kula. Hujifunza kuiogopa saa ya kula.

Tumbo linaloumwa bila maneno

Baada ya taabu ya kinywa huja taabu ya tumbo. Mapitio mengine, ya mwaka 2014, yalionyesha kwamba malalamiko ya tumbo, yaani kufunga choo, kuharisha na maumivu, huwapata watoto wenye usonji takriban mara nne zaidi kuliko watoto wengine. Hapo ndipo penye dhuluma iliyojificha, kwa sababu mtoto asiyesema hawezi kumwambia mama yake kuwa tumbo linamkata. Maumivu yake hutoka kwa njia nyingine: hulalia tumbo juu ya ukingo wa kiti na kulikandamiza, hujipinda mgongo, huamka usiku wa manane akilia, hugonga kichwa ukutani, au humwuma nduguye baada ya kula. Watu wazima wanaomtazama husema, «Ndiyo huo usonji wake,» na kwa neno hilo mlango wa tiba hufungwa. Mwaka 2010 jopo la mabingwa wa maradhi ya watoto nchini Marekani lilitoa tamko juu ya jambo hili: mtoto mwenye usonji anayeonyesha dalili za tumbo anastahili kuchunguzwa na kutibiwa sawasawa na mtoto mwingine yeyote, na mabadiliko ya ghafla ya mwenendo wake yahesabiwe kuwa huenda ni kilio cha maumivu.

Tuangalie kwa karibu taabu iliyo ya kawaida kuliko zote, nayo ni kufunga choo. Tumfikirie mama wa Majengo aliyemfikisha zahanati mwanawe wa miaka minne.

«Shikamoo, mama.»

«Marahaba, mwanangu. Mtoto ana nini?»

«Anaharisha, mama. Wiki ya tatu sasa, kila nikimbadilisha suruali inachafuka tena.»

«Choo kamili, cha kushiba, alipata lini mara ya mwisho?»

Mama asikumbuke. Muuguzi akamlaza mtoto, akampapasa tumbo upande wa kushoto chini ya kitovu, akakuta donge gumu kama jiwe. Mtoto huyo haharishi. Amefunga choo kwa muda mrefu hata kinyesi kikakauka na kuziba njia, na kile cha majimaji kilicho juu yake kinapenya pembeni na kuvuja bila yeye kujua. Mama akimpa dawa ya kuzuia kuharisha, atakuwa amekaza fundo alilotaka kulifungua.

Hali hii huanza kidogo kidogo. Mtoto anakula ugali wa sembe na biskuti tu, vyakula ambavyo kapi lake limeondolewa. Hanywi maji ya kutosha. Choo kinakuwa kigumu, kinamwumiza. Naye akishaumia mara moja, hujizuia kwa kukaza miguu na kusimama kwa ncha za vidole. Kadiri anavyojizuia ndivyo utumbo unavyozidi kunyonya maji na choo kuzidi ugumu, hata utumbo wenyewe ukatanuka na kupoteza hisia ya kutaka kwenda haja. Pengine choo cha shimo nacho ni sababu: kuna giza, kuna nzi, kuna tundu ambalo mtoto huona kama litammeza.

Tiba yake yajulikana, nayo ina hatua. Kwanza njia izibuliwe kwa dawa ya kulainisha choo, kama laktulosi, ambayo kazi yake ni kuvuta maji yaingie katika kinyesi, kwa kipimo atakachopanga tabibu. Kisha dawa iendelee kwa kipimo kidogo kwa majuma mengi, pengine kwa miezi, mpaka utumbo urudie umbo lake. Na hapa ndipo wazazi wengi hukosea, kwani wakiona choo kimoja laini huiacha dawa, na taabu ikarejea. Tatu, mtoto akalishwe juu ya poti kila baada ya chakula, dakika tano hadi kumi, miguu ikikanyaga chini imara, bila kukaripiwa asipopata kitu. Nne, maji yaongezwe, na sembe ianze kuchanganywa na dona, kijiko kwa kijiko, ili rangi na ladha visibadilike ghafla. Papai lililoiva akilikubali, ni bora. Asipolikubali, maharage yaliyopondwa hadi kulainika yaweza kuingizwa katika uji.

Lakini si kila tumbo lina fundo la choo. Wapo watoto wenye kiungulia, wapo wenye amiba au jiadia, wapo wenye minyoo. Na kwa kuwa baadhi ya watoto wenye usonji hula udongo, mkaa na vitu visivyo chakula, kipimo cha choo na cha damu havipaswi kusahauliwa, wala zile siku za Juni na Desemba ambapo watoto chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Damu katika choo, kutapika kusikokoma, kupungua uzito, au tumbo kuvimba na kuwa gumu, hayo hayangojei siku ya kliniki. Mtoto apelekwe siku hiyohiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Songea, au katika hospitali ya misheni ya Peramiho, yoyote iliyo karibu.

Dhana zilizozunguka dunia

Kwamba chakula chaweza kumdhuru mtoto si uzushi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alitambua kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwadhoofisha watoto wenye maradhi fulani ya utumbo. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika na watoto hao badala ya kufa wakapata nafuu, ikaitia nguvu hoja yake, naye akaithibitisha katika tasnifu aliyoitoa mwaka 1950. Maradhi hayo ni ya kweli, hupimwa kwa damu, na tiba yake ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Lakini kuanzia miaka ya 1970 ikazuka hoja nyingine, kwamba gluteni ya ngano na kaseini ya maziwa, zisiposagika vema tumboni, hugeuka kuwa viini mfano wa kasumba vinavyopenya utumbo na kuulewesha ubongo, na kwamba huo ndio usonji. Hoja ilipendeza kuisikia. Wazazi wengi wa Ulaya na Marekani wakaondoa mkate na maziwa mezani. Ilipopimwa kwa uangalifu, haikusimama. Katika jaribio lililofanywa Rochester, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2016, watoto 14 waliwekwa katika mlo usio na gluteni wala kaseini, kisha wakapewa vitafunio vilivyofichwa ndani yake gluteni, au kaseini, au vyote viwili, au visivyokuwa na hata kimojawapo, pasi na wazazi wala wachunguzi kujua kipi ni kipi. Na haikuonekana tofauti katika tabia, usingizi, wala choo chao.

Sisi wa Songea tuna sababu yetu ya kuitilia shaka dhana hiyo. Mahindi hayana gluteni. Ulezi, mtama, mchele na mihogo havina vilevile. Mtoto wa ugali, uji na kande hukutana na ngano katika chapati, andazi na mkate tu, na katika nyumba nyingi maziwa ya ng'ombe hayanywewi kila siku. Lau ngano na maziwa vingekuwa ndivyo asili ya usonji, watoto wa nyumba za ugali wangesalimika, wala hawakusalimika.

Dhana haikuwa moja. Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alifanya hisani kubwa mwaka 1964 kwa kitabu kilichobatilisha uzushi kwamba usonji huletwa na ubaridi wa mama. Lakini vipimo vikubwa vya vitamini B6 alivyovitetea baadaye havikupata ushahidi wa kuvitegemea. Mwaka 1998 ikasikika habari ya sekretini, homoni ya tumbo iliyogunduliwa London mwaka 1902, kwamba watoto watatu waliodungwa wamepata nafuu ya ajabu. Mwaka uliofuata ikapimwa kwa watoto wapatao 60, nusu wakipewa sekretini na nusu maji ya chumvi. Makundi yote mawili yalionyesha nafuu, tena kwa kadiri iliyolingana. Wazazi walipoelezwa matokeo hayo, asilimia 69 walisema bado wanaitamani dawa hiyo. Tusiwacheke wazazi hao. Tujifunze kwao jinsi matumaini yanavyoweza kuyaona mabadiliko ambayo yangekuja yenyewe, maana kila mtoto hukua.

Dhana iliyodhuru kuliko zote ni ile ya mwaka huohuo wa 1998, wakati Andrew Wakefield wa Uingereza, kwa kuandika juu ya watoto 12 tu, alipounganisha uvimbe wa utumbo, usonji na chanjo ya surua. Gazeti la kitabibu la Lancet liliyafuta makala hayo mwaka 2010, naye akafutwa katika daftari la madaktari mwaka huohuo kwa udanganyifu na utovu wa maadili. Mzazi wa Majengo asiache kumpeleka mtoto kliniki kwa chanjo ya surua anapofikisha miezi 9 na miezi 18. Surua huua, nayo chanjo haileti usonji.

Siku hizi zinasemwa habari za vijidudu wema wa tumboni. Ni kweli kwamba vijidudu vya watoto wenye usonji hutofautiana na vya wengine. Lakini uchunguzi wa Australia wa mwaka 2021, uliohusu watu 247, ulionyesha kwamba chanzo cha tofauti hiyo ni uchache wa vyakula wanavyokubali, yaani sahani ndiyo iliyobadili tumbo. Togwa yetu, iliyochachuka vizuri na kutengenezwa kwa usafi, ni kinywaji chenye heri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Uswidi walionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa togwa walikuwa na vijidudu vya kuharisha vichache zaidi. Mtoto anayeipenda na anywe, kwa kulishwa na kuburudika, bila kuahidiwa kwamba itamfungua ulimi.

Wala wazee wetu hawakulisahau tumbo. Mtoto aliyejinyonganyonga usiku aliambiwa ana chango, akachemshiwa mizizi. Kulielekea tumbo kulikuwa na busara; hatari imo katika dawa kali za kuharisha na za kupiga bomba, ambazo humkausha maji mtoto aliyekwisha kudhoofu.

Madhara ya kupunguza, na njia ya kuongeza

Mtu aweza kuuliza: kama mlo wa kukataza haufai, kuna ubaya gani kuujaribu? Ubaya upo. Mtoto anayekubali vyakula vitano, akinyang'anywa maziwa na mkate, hubakiwa na vitatu. Uchunguzi wa mwaka 2008 juu ya wavulana wenye usonji ulikuta kwamba walionyimwa maziwa walikuwa na mifupa myembamba kuliko wengine. Na madaktari wa nchi tajiri wameandika habari za watoto wenye usonji waliopata kiseyeye, maradhi ya mabaharia wa kale, kwa kukosa matunda na mboga. Kwa sababu hizo taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba ilishauri mwaka 2013 kwamba milo isiyo na gluteni au kaseini isitumiwe kama tiba ya usonji, wala sekretini. Mtoto ambaye maziwa yanamharisha, au anayeshukiwa maradhi ya ngano, huyo na apimwe. Tena apimwe kabla ya ngano kuondolewa, kwani ikishaondolewa kipimo hudanganya. Na mtoto mwenye usonji aliye pia na kifafa asiachishwe dawa zake kwa ahadi ya mlo wowote.

Njia iliyo bora ni kuongeza. Wakati wa chakula uwe mmoja kila siku, mahali pawe palepale, na sahani iwe ileile, ugali upande huu na mboga upande ule, visigusane. Chakula kipya kiwekwe kwa kiasi cha ncha ya kidole, kando ya kile anachokipenda, bila neno. Siku za kwanza atakitazama tu. Kisha atakigusa, atakinusa, atakilamba, atakiuma na kukitema. Na kutema huko ni hatua, si kosa. Yaweza kupita mara kumi au kumi na tano kabla hajameza. Mabadiliko yaanzie karibu na anachokijua: anayekula ndizi mbivu apewe parachichi lililopondwa, anayependa uji mweupe aongezewe unga wa karanga au wa soya kidogo sana, anayekubali chakula kikavu kinacholia mdomoni apewe dagaa waliokaangwa hadi kukauka. Na familia nzima ikae naye, maana mtoto aliyetengwa jikoni hana wa kumwiga.

Najua kwamba mashauri haya yataka subira, na kwamba mabingwa wa tumbo la watoto hawapo kila wilaya, na hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iko mbali, safari ya zaidi ya kilomita 900. Lakini mengi ya yaliyotajwa hapa hayangojei bingwa. Muuguzi anayepapasa tumbo na kuuliza habari ya choo, afisa lishe anayekaa na mama kupanga nyongeza ndogo ndogo, mwalimu anayemruhusu mtoto kula katika bakuli lake, na daftari ambamo mzazi huandika kila siku mtoto amekula nini, amekwenda haja lini na amelala vipi: hivyo vyaweza kupatikana Majengo, na vyawezekana leo. Kinachotakiwa kwa halmashauri na hospitali zetu ni kuhakikisha kwamba kila zahanati ina mtu aliyefundishwa kuutambua usonji, na dawa nyepesi ya kulainisha choo haikosekani rafuni.

Tumbo likitulia, usonji hautaondoka, wala hilo silo lililotafutwa. Mtoto asiyeumwa hulala usiku, hupunguza kujipiga, husikiliza zaidi, na hupata nguvu ya kujifunza yale anayoweza kujifunza kwa kipawa alichopewa. Hiyo ni haki yake kama mtoto, si hisani, nasi tulio karibu naye tunaiweza: kuliamini tumbo lake linaposema kwa vitendo, kulitibu kwa elimu, na kuijaza sahani yake badala ya kuipunguza.